Katavi: Mto na mkwaju katika ushairi wa Taifa

MLIMA Kilimanjaro ukitajwa katika shairi la kusifu nchi, msomaji haulizi uko mkoa gani. Anaelewa kuwa inayosifiwa ni Tanzania. Ndivyo ushairi unavyoifanya mandhari ya mahali pamoja kuwa alama ya watu wote.

Mashairi ya aina hiyo yalishamiri baada ya Uhuru wa mwaka 1961. Malenga Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Dodoma, aliendeleza ngonjera, mashairi ya majibizano ya jukwaani, ambayo baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 yalitumika kueleza siasa na umoja wa nchi.

Katika Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012 na makao makuu yake kuwa Mpanda, jina lenyewe ni simulizi. Wabende husimulia kuwa Katabi ni mzimu wa mwindaji, na makao yake ni mkwaju ulio karibu na Ziwa Katavi. Wapo wanaoacha sadaka chini ya mti huo wakiomba baraka.

Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974 na yenye kilometa za mraba 4,471, ilichukua jina hilo. Mkoa nao ukafuata.

Kwa mtunzi, majina ya huko hayana ugumu. Ziwa Katavi, Mto Katuma na Ziwa Chada yakipangwa hivi, "Katavi, Katuma, Chada", hutimiza mizani nane, yaani nusu ya mshororo wa shairi la mizani kumi na sita.

Hata hivyo, sifa pekee hazitoshi. Kila kiangazi viboko kwa mamia husongamana katika madimbwi ya tope ya Katuma. Maji ya mto huo yamepungua, na sababu mojawapo ni kuchepushwa kwenda kumwagilia mashamba ya mpunga kabla hayajafika hifadhini.

Rangi ya bluu katika bendera ya Taifa ni ishara ya maji: bahari, maziwa na mito. Shairi linaloisifu rangi hiyo na kuunyamazia mto unaokauka huishia kusifu kitambaa. Likiutaja Katuma kwa jina, pamoja na mkulima na kiboko wanaoyategemea maji yake, linamkumbusha msomaji wa mjini kuwa nchi anayoiimba ina watu na viumbe wanaoisubiri mvua.