Kijiji Kilichopakwa Rangi ya Kilima Chake

Kijiji cha Roussillon, kusini mwa Ufaransa, kimejengwa juu ya kilima, umbali wa kilomita zipatazo 50 mashariki ya mji wa Avignon. Tulitoka mjini humo asubuhi ya Jumapili, sisi wazazi, watoto wetu wawili, na Bibi yao aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka nyumbani. Mgeni akikitazama kijiji hicho kwa mbali aweza kudhani kinaungua: kuta ni nyekundu, za rangi ya chungwa na za manjano, nazo zimesimama juu ya magenge yenye rangi hizo hizo.

Wala si ajabu, kwani rangi hiyo hutoka chini ya nyumba zenyewe. Ni ngeu, udongo ule ule ambao mafundi seremala wa kwetu waliupaka uzi ili kupiga mstari juu ya ubao. Zamani za kale mahali hapo palifunikwa na bahari. Mchanga uliobaki ulipata rangi kutokana na chuma kilichomo. Tangu mwishoni mwa karne ya 18 wenyeji waliifanya ngeu biashara. Waliosha mchanga wake kwa maji mengi. Mchanga, kwa kuwa ni mzito, ulituama kwanza, na ngeu ikachukuliwa na maji hadi kwenye mabirika, ikaachwa ikauke, kisha ikakatwa vipande kama matofali. Ile ya manjano ilipotiwa motoni iligeuka nyekundu. Rangi za viwandani zilipoenea, soko lilianguka, na kiwanda kimoja kilicho nje ya kijiji, ambacho leo huonyeshwa wageni, kilisimamisha kazi mwaka 1963.

Mwandishi Samuel Beckett wa Ayalandi alijificha kijijini humo kuanzia mwaka 1942, akiwakimbia Wajerumani waliokuwa wameiteka Paris, akawalimia wakulima ili apate chakula. Watoto wetu hawakujali habari hiyo. Walitaka kuteremka machimboni.

Huko, kati ya magenge yaliyochongwa na sululu na kisha na mvua, Bibi aliinama, akachota konzi moja ya udongo mwekundu, akaifunga katika pindo la kanga yake. Alikusudia kuikandika baraza ya nyumba yake.

"Bibi, kibao pale kimekataza kuchukua," alisema mjukuu wake wa miaka minane.

"Konzi moja, mjukuu wangu? Na kilima chote hiki?"

Mtoto hakujibu. Aligeuka tu akawatazama watu waliokuwa wakija nyuma yetu, msururu mrefu usioonekana mwisho. Sisi wazazi, tukiri, tulinyamaza. Hatukujua ni nani wa kumtetea, maana kumkosoa mama mzazi mbele ya wanawe ni jambo zito, na mtoto alikuwa amesema kweli. Bibi alisimama kitambo, akafungua pindo, akaurudisha udongo pale pale alipoutoa. Hakusema neno mpaka tulipofika kiwandani.

Dukani mwa kiwanda hicho ngeu huuzwa katika mifuko. Bibi alistaajabu sana kwamba udongo una bei, akaiona ni kubwa, hata hivyo akanunua mfuko mmoja. Tulimshauri achukue nyekundu. Akachagua ya manjano. Akasema ataichoma mwenyewe.