Mtoto wa Mbwa Mwenye Tumbo Kubwa

Mama, kama mtoto wa mbwa iko na tumbo kubwa lakini mwili unakonda, tena anatapika ao kuhara, usiseme ameshiba. Mara nyingi ni minyoo. Aliipata kwa mama yake, mbele ya kuzaliwa ao katika maziwa. Umpeleke kwa veterineri, munganga wa nyama. Atapima uzito, atamupa dawa, na atairudilia nyuma ya majuma 2. Akihara damu na kukataa kula, usikawie: anaweza kufa kwa siku chache.

Mayai ya minyoo ile inabaki katika udongo. Mtoto wako akikula udongo, minyoo inaweza kufika katika maini ao macho. Basi, kila siku ondoa mavi ya mbwa, uyatupe katika choo. Nawisha watoto mikono na sabuni.