Akaunti ya Tegeta na maana ya udanganyifu (Sehemu ya Tatu)

Wiki iliyopita tuliligusa neno la Kiingereza "fraud". Magazeti huliita wizi, utapeli au ufisadi, lolote litakalotosha kwenye kichwa cha habari. Sheria ni makini zaidi. Mwizi huchukua bila ridhaa yako, ilhali mdanganyifu hukufanya umkabidhi mwenyewe, kwa kuwa umeamini jambo ambalo si kweli. Kosa hilo limo katika kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu: kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu.

Sasa tutazame Tegeta, Dar es Salaam. Mtambo wa umeme wa kampuni ya IPTL, wa megawati 100, ulijengwa hapo kwa mkataba wa 1995 wa kuiuzia TANESCO, shirika la umeme la taifa, nishati hiyo kwa miaka 20. Mvutano ulipozidi kuhusu tozo ambazo TANESCO ilidaiwa kila mwezi, mwaka 2006 ilifunguliwa akaunti ya escrow Benki Kuu. Hiyo ni amana: wawili wanagombania fedha, wa tatu anazishika mpaka haki ijulikane.

Mwishoni mwa 2013 fedha hizo, zaidi ya Sh bilioni 300, zilitolewa kwa kampuni ya PAP iliyojitambulisha kuwa mmiliki mpya wa IPTL. Februari 2014, fedha zikiwa zimekwisha kutoka, baraza la usuluhishi la ICSID liliamua tozo zile zikokotolewe upya.

Novemba 2014 Bunge liliwaka moto kwa malipo hayo. Mwanasheria Mkuu Frederick Werema alijiuzulu, Waziri Anna Tibaijuka akaondolewa, na Januari 2015 Waziri wa Nishati na Madini, Sospeter Muhongo, akajiuzulu. Mitaani watu waliuliza nani kapewa mgawo wa kiasi gani kutoka kwenye malipo hayo, na ubishi mkubwa ukawa kama fedha zile ni za umma au za mtu binafsi. Kwangu mimi ubishi huo ulitupotezea muda. Udanganyifu hautegemei fedha ni za nani. Unategemea maelezo yaliyomfanya mshika amana aziachie: nani aliyatoa, kwa hati zipi, na kama alijua ukweli wake.

Harbinder Singh Sethi, mmiliki wa PAP, na James Rugemalira, aliyekuwa mwanahisa wa IPTL, walipofikishwa Mahakama ya Kisutu Juni 2017, kujipatia fedha kwa udanganyifu ilikuwa miongoni mwa mashtaka. Mwaka 2021 Sethi aliachiwa kwa makubaliano na Mkurugenzi wa Mashtaka, akiamriwa kulipa fidia ya Sh bilioni 26.9, na Rugemalira akafutiwa mashtaka. Maelezo yaliyofanya fedha za akaunti ile ziachiwe hayakupata kupimwa kwa ushahidi, shahidi kwa shahidi, hadi hukumu.

Wiki ijayo: kughushi.