Allison na breki ya kinga ya mwili

Kwa karibu karne nzima, madaktari waliotaka kuutumia mfumo wa kinga dhidi ya saratani waling'ang'ana kuuchochea. Waliwadunga wagonjwa bakteria, wakajaribu chanjo za kila namna, na mafanikio yakawa haba. James Allison, mwanasayansi wa Marekani, aliuliza jambo jingine: ni kitu gani kinachoizuia kinga isipigane? Swali hilo lilizaliwa na hamu ya kuelewa mwili unavyofanya kazi, na hapo ndipo ulipo msingi wa tiba mpya ya saratani.

Seli T, askari wa damu, huziua seli zilizoambukizwa au kuharibika. Zikiachwa huru kupita kiasi, hushambulia hata viungo vizima. Ndiyo maana zina protini iitwayo CTLA-4, ambayo ni breki yao. Watafiti wengine walitaka kuikaza breki hiyo ili kutibu magonjwa ambamo kinga huushambulia mwili wenyewe. Allison, akiwa Berkeley, California, aliwaza kinyume chao. Aliwapa panya wenye uvimbe kingamwili ya kuizima CTLA-4, na uvimbe ukatoweka. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1996. Mwaka 2011 Marekani iliidhinisha dawa ya ipilimumabu kwa melanoma iliyosambaa, saratani ya ngozi ambayo awali iliwaua wengi ndani ya mwaka mmoja. Mwaka 2018 Allison alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Tasuku Honjo wa Japani, aliyegundua breki nyingine, PD-1.

Wapo wanaosema sifa za tiba hii zimezidi, na hoja zao zina uzito. Kati ya wagonjwa wa melanoma waliopewa ipilimumabu, takriban mmoja tu kati ya watano aliishi miaka mitatu au zaidi. Wengine hupata mchochota mkali wa utumbo, kwa kuwa breki iliyoachiwa ndiyo iliyokuwa ikiulinda mwili. Tena, dozi nne ziliuzwa Marekani kwa dola 120,000. Lakini wengi waliovuka miaka hiyo mitatu waliendelea kuishi hata kufikia kumi, na madhara hayo yanathibitisha kwamba breki ilieleweka sawasawa. Bei nayo hupangwa na watu, hivyo yaweza kujadiliwa na kushushwa. Maarifa yasiyotafutwa hayana wa kuyashushia bei. Kwa hiyo serikali inayofadhili maabara zinazouliza maswali ya msingi inawekeza katika tiba, hata kama jina la ugonjwa halijatajwa bado.