Kurejesha Maji ya Ziwa Ol Bolossat: Kazi Huanzia Mlimani, Pesa Huanzia Kwenye Mpango

Ziwa Ol Bolossat, lililo katika Kaunti ya Nyandarua, ndilo ziwa pekee la asili katika eneo la kati ya Kenya. Pamoja na vinamasi vyake, lina ukubwa wa takriban kilomita 43 za mraba. Mvua zikinyesha vizuri, ziwa hujaa. Ukame ukidumu, husinyaa hadi ng'ombe wakalisha mahali palipokuwa na viboko.

Ziwa lenye kina kifupi hupanda na kushuka kwa kawaida. Kinachotia wasiwasi ni kwamba ukataji miti, kilimo cha kandokando na uvutaji wa maji kiholela vimepunguza uwezo wake wa kurudisha maji baada ya kiangazi. Hasara hiyo haiwagusi wakazi wa Nyandarua peke yao. Mto Ewaso Narok huanzia hapa, hupita Nyahururu na maporomoko ya Thomson, kisha huungana na Ewaso Ng'iro unaoelekea Samburu na Isiolo. Ziwa likipungua, mfugaji aliye mbali na Nyandarua naye hukosa maji.

Maji huingia wapi, hutoka wapi?

Ziwa hupata maji kutokana na mvua, vijito na chemchemi, nyingi zikitoka kwenye mteremko wa Satima na safu za Nyandarua. Hupoteza maji kupitia jua, mto unaotoka na pampu za kunyunyizia mashamba.

Mteremko ukiwa na miti na nyasi, maji ya mvua huzama ardhini na kutoka polepole kwenye chemchemi hata miezi ya kiangazi. Mteremko ukiwa mtupu, maji hayo hayo hushuka kwa kasi siku moja na kubeba udongo hadi ziwani. Udongo hujaza ziwa na kulifanya kuwa na kina kifupi zaidi. Maji yaliyotandaa bila kina hukaushwa na jua haraka.

Kwa sababu hiyo, kupanda miti ufuoni pekee hakutoshi. Sehemu kubwa ya kazi iko juu, kwenye chemchemi, kingo za vijito na mashamba ya mteremkoni.

Bila mpango hakuna pesa

Mwaka 2018 ziwa lilitangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali kuwa eneo oevu lenye ulinzi, na upo mpango wa usimamizi wake wa miaka 2020 hadi 2030. Hata hivyo, tangazo na mpango wa usimamizi havitoi shilingi vyenyewe. Kifungu cha 104 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 kinasema kuwa pesa za umma hazitatengwa nje ya mipango ya kaunti. Kazi isiyoandikwa kwenye Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa miaka 5, na kisha kwenye mpango wa kila mwaka, haiwezi kupewa bajeti hata kama kila mtu anaiona kuwa muhimu.

Tarehe nazo zimewekwa na sheria. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kwa Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Taarifa ya mkakati wa fedha hufuata kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kwa hiyo chemchemi inayohitaji kuzungushiwa ua mwezi wa Julai inapaswa kuwa kwenye maandishi kabla ya Septemba ya mwaka uliotangulia. Mkazi anayengoja mkutano wa bajeti wa Aprili ndipo ataje chemchemi yake kwa mara ya kwanza huwa amechelewa.

Pesa zinaweza kutoka wapi?

Chanzo cha kwanza ni bajeti ya kaunti yenyewe, kwa kuwa Katiba imezipa kaunti jukumu la kutekeleza uhifadhi wa udongo na maji.

Cha pili ni fedha za kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Mpango wa FLLoCA, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2021, umejengwa juu ya kamati za wadi zinazochagua miradi pamoja na wananchi.

Cha tatu ni Hazina ya Sekta ya Maji, ambayo chini ya Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inaweza kufadhili juhudi za jamii za kutunza vyanzo vya maji. Mlango wake kwa mwananchi ni vyama vya watumiaji wa maji, maarufu kama WRUA.

Cha nne ni watumiaji wa maji walio chini. Nyandarua ina mfano wake. Wakulima wa sehemu za Wanjohi na Turasha, ambako maji ya Ziwa Naivasha huanzia, walipewa vocha za pembejeo kwa kupanda nyasi kwenye matuta, kupanda miti na kuacha kulima kingo za mito. Waliochangia ni watumiaji wa maji walioko Naivasha, kupitia chama chao. Mkulima hulinda udongo wake, na aliye chini hupata maji yasiyo na tope.

Mradi uandikwe vipi?

Pendekezo linalosema "ziwa lihifadhiwe" haliwezi kukadiriwa gharama. Linalotaja chemchemi fulani katika wadi fulani, urefu wa ua, idadi ya miche ya kiasili, mikaratusi itakayoondolewa karibu na maji, na birika la kunyweshea mifugo nje ya ua, linaweza. Litaje pia ni nani atakayemwagilia na kulinda miche baada ya siku ya kupanda, na atalipwa nini. Miche bila mlinzi huliwa na mbuzi kabla ya kiangazi cha kwanza kwisha.

Gharama ya anayeombwa kusogea pia iandikwe. Familia inayolima viazi na kabeji hadi ukingoni mwa kijito hupoteza chakula na karo ikiacha sehemu hiyo. Ikiwa mpango hautampa mkulima mbadala, kama nyasi za lishe au miche ya matunda, atarudi ukingoni.

Kuhusu pampu, kuchota maji kwa ndoo kwa matumizi ya nyumbani hakuhitaji kibali. Anayevuta maji kwa mitambo kumwagilia mashamba anapaswa kuwa na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji.

Mvua nzuri isimfanye mtu adhani kwamba kazi imekwisha. Mwaka wa maji mengi ndio wakati mzuri wa kupanda mteremkoni, kwa kuwa miche hushika. Wakazi wanaweza kuuliza katika ofisi ya msimamizi wa wadi tarehe za vikao vya ushiriki wa umma, na kuangalia kama chemchemi ya kijiji chao imo kwenye mpango wa mwaka ujao. Kama haimo, pendekezo la maandishi lifike ofisini kabla ya Septemba.