Shemeji na Tairi Zake Pana

Ukimwona mwanaume kachuchumaa nyuma ya gari lake, jicho moja kalifumba, anapima kwa vidole nafasi iliyobaki kati ya tairi na bodi, mwache. Yuko mapenzini huyo. Na kama ndiye mumeo, jiandae, maana haitapita wiki utaletewa hesabu.

Hesabu ya mwezi huu imetokea Bariadi. Rafiki yangu ni mwalimu wa sekondari, mumewe anafanya biashara ya pamba, na msimu ulipokwenda vizuri shemeji akajizawadia Toyota GT86, gari la spoti la milango miwili. (Kwa Kifaransa gari la namna hiyo huitwa coupé, na wenyewe wanalitamka kupe kabisa! Kwa Wasukuma wenye ng'ombe wao, jina hilo lisingeuza gari hata moja.) Shemeji kalishusha, kabadilisha springi na ekzosi, likipita mjini hata mama wauza nyanya wanageuka. Sasa anataka tairi za 245 zile za mbio, ambazo kashata zake ni chache na mpira wake laini. Bei yake inapita milioni. Nami nikaitwa kuamua, mimi ambaye shahada yangu ni ya mawasiliano, si ya makenika!

"Shem, muulize," akaanza rafiki yangu, "hizo tairi atakimbia nazo wapi? Hapa mpaka Lamadi ni ng'ombe, baiskeli na malori ya pamba."

"Mama, hizi zilizopo ni nyembamba. Gari linaserereka kwenye kona," akajibu mwenye mali.

Haya, tumtendee haki kwanza, maana hajatunga. GT86 ilipotoka mwaka 2012, nyingi zilifungwa tairi za 215/45R17 aina ya Michelin Primacy HP, tairi za starehe zaidi kuliko za kasi. Toyota walifanya makusudi ili dereva aonje gari likicheza mkia bila kulazimika kukimbia sana. Kwa hiyo anaposema linaserereka, ni kweli. Swali ni kama dawa yake ni upana.

Watu wengi hudhani tairi pana inagusa lami zaidi. Piga hesabu nami. Gari hilo lina kilo kama 1,240, kwa hiyo kila tairi inabeba wastani wa kilo 310. Upepo wa 33 ni karibu kilo 2.3 kwa kila sentimita ya mraba. Gawanya, utapata sentimita za mraba kama 135, yaani eneo linalokaribia kiganja chako na vidole vyake. Ukiweka tairi pana, upepo ukaacha uleule, eneo halibadiliki sana, linabadilika umbo tu: linakuwa fupi na pana. Umbo hilo linasaidia kwenye kona, lami ikiwa kavu. Lakini kinachong'ang'ania barabara hasa ni aina ya mpira. Tairi nzuri ya 215 itaishinda ya 245 ya bei poa mchana kweupe.

Mvua ikinyesha mambo yanageuka. Simiyu mvua zake huanza mwishoni mwa mwaka, na udongo mweusi wa mbuga ukilowa kila kitu kinanata. Malori na ng'ombe wanauleta juu ya lami, nayo inakuwa kama imepakwa sabuni. Tairi pana ina maji mengi zaidi ya kusukuma pembeni, na isipowahi gari linaelea, usukani unakuwa mwepesi mkononi kama wa gemu. Tairi za mbio zenye kashata chache ndizo huelea mapema zaidi. Na anayeendesha gari hilo kwenda Mwanza kila mwisho wa mwezi, watoto wakiwa kiti cha nyuma, si shemeji, ni mkewe. Hapo ndipo nilipoacha kucheka.

Nikaomba tuziangalie tairi zilizopo. Jamani! Za nyuma zilikuwa vipara ubavu wa ndani, kule usikoona mpaka uinamie. Gari likishushwa bila kupimwa upya mkao wa magurudumu, tairi inakanyaga kwa ubavu na kuliwa upande mmoja. Tairi mpya huwa na kina cha milimita 8 hivi, na nchi nyingi sheria inakataza kushuka chini ya 1.6. Zile hazikuhitaji kipimo. Mwanamke huyu alikuwa akivuka daraja la Simiyu na vipara, huku ndani ya nyumba ubishi ni upana!

Kuna jambo jingine mafundi wengine hawalisemi mpaka ushalipa. Rimu za kiwandani za gari lile zina upana wa inchi 7. Tairi ya 225/45 inakaa humo bila taabu. Ya 245/40 inataka rimu ya kuanzia inchi 8, kwa hiyo ile milioni ni ya kuanzia tu. Rimu bado, na pengine kukunja madigadi bado. Akiamua 235/45 ili ajaze nafasi, kimo cha tairi kinapanda kutoka sentimita 62.5 hadi 64.3, na mshale wa spidi unaanza kusoma pungufu kwa karibu asilimia 3. Mwenye tochi pale mjini, kwenye kibao cha 50, hesabu hiyo haimhusu.

Shemeji akaleta mfano wa mashindano. Nikamwambia vizuri, twende kwenye mashindano. Safari Rally ya Kenya ilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukaa nje tangu 2002, na Sébastien Ogier akaibuka mshindi na Toyota. Magari hayo yakikimbia kwenye lami huvaa 235/40R18. Yakija kwenye vumbi na mawe ya Naivasha, yanavuliwa yote na kuvishwa 205/65R15: nyembamba, na ukuta wa pembeni wa milimita 133. Tairi anazozitaka yeye zina milimita 98. Ukiacha lami pale Bariadi ukaingia mtaani kwao, lipi kati ya hayo mawili linafanana na njia ya nyumbani? Kimya. Mke akatazama dari.

Usidhani nilimnyima raha. Mwanaume aliyevuna ana haki ya kupendeza, na gari likikaa vizuri hata wewe wa pembeni unang'aa. Tulikubaliana 225/45R17, mpira mzuri wa kona lakini wenye mifereji ya maji. Nikamwomba rafiki yangu awe ndiye atakayesoma ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi iliyozeeka stoo inauzwa ikiwa inang'aa kuliko mpya. Usinunue kwa kung'aa.

Wakafungia Mwanza, wakapiga balansi na kupima mkao wa magurudumu siku hiyohiyo. Kilichobaki kilinunua tairi ya akiba, kwa sababu gari lile halikuwa nayo kabisa, na usiku kati ya Lamadi na Bariadi fundi pancha hapatikani. Imekaa kwenye buti, mahali shemeji alipopanga kuweka spika. Hizo spika bado wanazijadili.