Filimbi Mbili, Haki Moja

Kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii yawafaa sana watu wawili wenye filimbi ambao wengi wetu hapa Morogoro huwazomea bila kuijua kazi yao. Nao ni waamuzi wa netiboli, mchezo ambao mama na dada zetu wameucheza kwa miaka mingi viwandani, maofisini na shuleni, na ambao umo katika michezo ya SHIMIWI iliyofanyika mjini hapa mwaka 2024.

Ugomvi mwingi uwanjani hutokana na kosa moja: kuzuia. Sheria yasema kwamba mlinzi anayeinua mikono mbele ya mwenye mpira sharti awe mbali naye kwa sentimeta 90, yaani futi 3 za zamani. Umbali huo hupimwa ardhini, tangu mguu aliotua nao mwenye mpira hadi mguu wa mlinzi ulio karibu zaidi. Haupimwi kwa mikono wala kwa vifua. Mlinzi aweza kuruka kuufuata mpira, lakini akitua ndani ya umbali huo na kumbughudhi mwenzake, amekosa.

Sasa fikiri, ndugu msomaji. Mwenye mpira ana sekunde 3 tu za kuuachia. Katika muda huo mwamuzi sharti aitazame miguu, mikono na mpira. Uwanja una urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25, na wachezaji 14 wanakimbia ndani yake. Ni nani awezaye kuyaona yote peke yake?

Ndiyo sababu kazi imegawanywa. Kila mwamuzi ana nusu yake ya uwanja, na husimama upande wake, mwenziwe akiwa ng'ambo. Kila mmoja huamua makosa ya nusu yake. Hakimbilii kupuliza filimbi katika nusu ya mwenziwe, hata kama watazamaji wanamsihi kwa makelele. Lakini hasinzii. Ikiwa mwenziwe amezibwa na migongo ya wachezaji asione, aweza kumuuliza, naye hana budi kuwa tayari kujibu mara moja. Asiyeulizwa hunyamaza, aliyeulizwa husema alichokiona, si alichokidhania.

Ushirikiano huo haukomei hapo. Wachezaji hubadilishana magoli kila baada ya robo ya mchezo, lakini waamuzi hubaki katika nusu zao. Hivyo mfungaji aliyeonewa huku aweza kupendelewa kule, endapo waamuzi hawana kipimo kimoja. Hao wawili sharti waelewane kabla ya mchezo na wakati wa mapumziko, ili futi 3 za upande huu ziwe futi 3 za upande ule.

Na filimbi si lazima ilie kila mara. Endapo mlinzi amekosa lakini mfungaji bado ana nafasi nzuri, mwamuzi huuacha mchezo uendelee, maana kuusimamisha ni kumsaidia mkosaji. Filimbi ikilia, aliyekosa husimama kando ya mrushaji, asishiriki mpaka mpira umeachiwa. Ndani ya duara la goli, mfungaji aweza kutoa pasi au kufunga, na aliyemzuia amesimama akitazama tu.

Pengine utasema huu ni mchezo tu. Lakini fikiria timu mbili za wafanyakazi wa mahali pamoja, magoli yamelingana, imebaki dakika moja. Filimbi yalia ndani ya duara. Jumatatu asubuhi wachezaji hao watakutana kazini, penye mashine moja au meza moja. Wakiamini kwamba haki imetendeka, watataniana. Wakiamini kwamba kila mwamuzi alikuwa na sheria yake, kinyongo kitaingia kazini, na chaweza kufika hata nyumbani.

Basi, ukiwapeleka watoto uwanjani chini ya milima yetu ya Uluguru, waoneshe miguu ya mlinzi kabla ya kuwafundisha kuzomea. Waoneshe pia jinsi mwamuzi mmoja anavyomwuliza mwenziwe bila haya. Kuuliza hakumpunguzii mtu heshima. Kuamua usichokiona ndiko kunakoiondoa.